Mpaka Uso Ukunjike

Meli ya Denmaki imechelewa, leo siku ya nane.
Rafu za duka la Somjit zimebaki mbao tupu:
mchele umekwisha, mchuzi wa samaki umekwisha,
na ukwaju, ambao ndio hasa ulionitoa ndani
nikapambana na upepo huu wa Klaksvík,
ukwaju hakuna.

Na Jumapili hii ni zamu yangu.
Watu thelathini ukumbini, juu ya karakana ya nyavu,
kila mmoja na sufuria aliyoifunga taulo
kama aliyebeba mtoto mwenye homa.
Mwezi jana Doru alisonga unga wa mahindi wa kwao Romania,
akaupindua ubaoni, ukakaa mviringo, wa njano, unafuka,
akaukata kwa uzi.
Kwa uzi! Tulipiga makofi.
Somjit yeye alitwanga karoti na tanipu badala ya papai bichi,
akatuambia, "Fumbeni macho mle."
Tukafumba. Pilipili ikatufumbua.

Sasa mimi, Luzviminda, binti wa Iloilo,
niwape nini? Supu isiyo kali?
Kwetu supu isiyo kali ni maji ya kuoshea nyama.

Sunnvá wa nyumba ya pili, mstaafu wa posta,
aliniona dirishani nikisemezana na sufuria.
Hakuuliza. Hajawahi kuuliza.
Miaka minne tumepungiana mikono
kama watu wa ng'ambo mbili za mto.
Akaja na kitita cha vikonyo vyekundu, vinene kama vidole gumba,
alivyovikata nyuma ya ukuta wa mawe unaozuia kondoo.
"Rubarbi," akasema. Akauma kimoja,
akakunja uso wote, hadi masikio,
akaninyooshea kilichobaki.

Nikauma. Wangu nao ukakunjika.
Tukatazamana hivyo mlangoni
kama vitambaa viwili visivyopigwa pasi.

Nikapika. Mbavu za nguruwe, figili, vitunguu;
vikonyo vikayeyuka, mchuzi ukageuka waridi,
rangi ambayo mama angeikataa,
ladha ambayo mama angeomba aongezwe.
Sunnvá alikunywa mabakuli mawili, akatamka neno moja la kwao
ambalo ni asante, au ni basi,
au ni kwamba upepo umegeuka.

Jumatatu akalirudisha bakuli langu.
Mkono mtupu haulambwi, hata huku:
ndani kipande cha kondoo aliyening'inizwa tangu Oktoba
katika kibanda cha mbao zenye nyufa,
upepo ukiingia na kutoka kama mpangaji asiyelipa kodi.
Harufu yake ilibisha hodi kabla ya yeye.
Nikabana pua. Nikafungua dirisha.
Nikalifunga.
Mwenye njaa hana miko, lakini mimi nilikuwa nimeshiba,
basi nikasimama pale na miko yangu yote.

Kisha nikaonja, kwa ncha ya ulimi, kwa aibu.

Na nani alikuwa ndani ya nyama ile?
Gudulia la mama, chini ya ngazi.
Uduvi wake wa chumvi, ulioachwa uoze vizuri,
ule ule niliofungua hapa mwaka wangu wa kwanza
mwenye nyumba akamwita fundi wa mabomba.
Kumbe uvundo wa kwao na uvundo wetu,
bahari ngapi sijui katikati,
ni ndugu wa tumbo moja.
Nilikula nimesimama. Nilikula mpaka mfupa.

Jana meli imefika. Nimenunua ukwaju mifuko miwili,
mmoja nimempelekea Sunnvá ndani ya bakuli lake la bluu.
Yeye anataka maandishi: gramu, dakika, vipimo.
Nikamwandikia: mbavu, kilo moja. Maji, yazifunike.
Ukali: mpaka uso ukunjike.

Karatasi imerudi asubuhi hii, chini ya mlango,
na swali kwa penseli, kwa mwandiko wa posta:
Uso wa nani?